Kijivu cha Mlango wa Jairo

Shirati,
8 Agosti 1994

Kwako Mzee Yahaya, fundi rangi,
Mkuyuni, Mwanza.

Shikamoo Mzee. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na brashi bado iko mkononi. Mimi ni Janet Apiyo, binti wa Jairo Otuoma wa Shirati, yule aliyekuwa akifanya kazi melini. Mwaka 1983 ulikaa kwetu ulipokuja kupaka kanisa, ukatupakia na mlango wa mbele wa nyumba yetu. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, kwa hiyo hatukuonana, lakini kila nilipokuja likizo nilizikuta habari zako.

Mlango ule umeliwa na mchwa. Mwezi wa nne tuliweka mwingine wa mninga, na fundi wa hapa akaupiga vanishi. Ni mlango mzuri, unang'aa. Hata hivyo nataka uwe na rangi ile ya zamani, kijivu kile kilichokolea. Sitaki kinachokaribiana nacho, nataka kile kile. Kipande cha mlango wa zamani tulikuwa tumekifanya mlango wa banda la kuku, na hapo nimekata kibao chenye ukubwa wa kiberiti. Nimekifunga kwenye karatasi ya daftari humu ndani ili ukione.

Ningefurahi kazi ikiisha kabla ya mvua za vuli. Hakuna sababu kubwa, ni kupenda kwangu tu.

Mwanao,
Janet Apiyo


Mkuyuni, Mwanza,
17 Agosti 1994

Mwalimu Apiyo,

Shikamoo dada. Anayekujibu si Mzee Yahaya, ni mimi Shamsa, binti yake. Baba yupo, ana nguvu zake, ila ngazi hapandi tena. Duka naliendesha mimi na barua nazisoma mimi, naye kazi yake ni kukaa kwenye kiti pale mbele na kuwaambia wateja kwamba brashi za siku hizi ni manyoya ya panya.

Dada, nilicheka uliposema unataka kijivu kile kile. Zamani, baba anasema, ukikuta kopo la rangi dukani hukuuliza ni rangi gani, ulishukuru. Sasa biashara imefunguliwa, njoo uone. Nina kijivu cha Nairobi chenye picha ya korongo. Nina cha Dubai chenye picha ya nanga, na cha Dar chenye picha ya ndovu. Makopo yote yameandikwa kijivu kilichokolea, na hakuna hata mawili yanayoelewana. La korongo limeegemea bluu. La nanga lina ukijani ambao huuoni mpaka uliweke kivulini. La ndovu lina wekundu kwa ndani, udongo udongo hivi. Nilikaa mlangoni na kibao chako tangu saa tatu mpaka adhuhuri, nikawa nayaona mawingu yote ya kijivu.

Barua yako nilimpa baba. Aliisoma mara mbili, akasema, "Ile ilikuwa rangi ya meli. Haipatikani tena." Nikampa kibao akiangalie, akasema miwani hana. Dada, miwani ilikuwa usoni kwake.

Nakutumia chupa tatu kwa mkono wa kondakta wa basi la Shirati. Paka kila moja kwenye ubao, uache siku mbili, maana rangi mbichi inadanganya. Halafu niambie ipi imekupendeza. Na usisumbuke sana, mlango ni mlango tu.

Mdogo wako,
Shamsa Yahaya


Shirati,
2 Septemba 1994

Mdogo wangu Shamsa,

Marahaba. Chupa zimefika salama, na kondakta alikuwa amezishika mapajani njia nzima kama mayai.

Katika barua ya kwanza sikusema ukweli wote, niliona aibu. Mlango si kupenda kwangu. Ni baba.

Mwezi wa nne aliugua, tukamlaza hospitali wiki tatu. Kaka yangu Oyoo, anayefanya kazi Musoma, akasema tumfanyie jambo la kumfurahisha, akirudi akute mlango mpya. Tukamrudisha. Alitembea vizuri tu kutoka barabarani, mkono wake begani kwangu, mpaka akafika hatua kumi toka nyumbani. Akasimama. Aliutazama mlango kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "Mama, hapa ni kwa nani?"

Tangu siku hiyo hajaingia. Kumbukumbu zake zimekuwa na matundu. Ananijua asubuhi, mchana mimi ni mpishi wa meli. Kwenye kibanda cha Oyoo hawezi kulala, kwa mila yetu baba halali kwenye kibanda cha mwanawe, na hilo hakulisahau. Analala kwenye banda la nyavu, ambalo upande wa ziwani halina ukuta. Asubuhi ukungu unaingia mle ndani na kuketi naye. Nikimpelekea uji ananiuliza tutatia nanga saa ngapi. Siku nyingine wadudu wa ziwani wanapanda juu ya maji kwa mbali kama moshi, naye anawaambia kuku kwamba ni meli ya Bukoba inakuja. Kila jioni ananiomba jambo moja: "Nipeleke nyumbani."

Nyumbani ni mita thelathini kutoka pale, Shamsa. Mimi binti yake siwezi kumfikisha.

Nilipaka mbao tatu nikaziegemeza mbele yake. Ya korongo aliiita mlango wa zahanati. Ya nanga akasema ni ya polisi. Ya ndovu aliicheka. Nilipomletea kile kipande cha banda la kuku, alikishika kwa mikono miwili akakiweka shavuni.

Mama alikuwa akiupenda sana mlango ule. Aliufuta vumbi kila siku, na nakumbuka wakipita wageni, hasa mgambo, alikimbilia kutundika kitenge juu yake. Sikuwahi kujua kwa nini. Amefariki mwaka wa tano sasa.

Mvua zikija, banda la nyavu halitamfaa. Nisaidie.

Dada yako,
Apiyo


Mkuyuni,
12 Septemba 1994

Dada Apiyo,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Nisamehe kwa kuandika kwamba mlango ni mlango tu. Mdomo wangu huu ndio baba anasema utanichelewesha kuolewa.

Nimeacha kazi nyingine zote. Nimechukua la korongo vijiko vinne, la ndovu vijiko vitatu, nikaongeza nyeusi kidogo, wekundu wa ndovu ukaua bluu ya korongo. Kwa macho, imepata. Wapita njia nimewaita, mmoja mmoja, nikawauliza kibao kipi cha zamani na kipi kipya, wakababaika. Lakini kuna kitu sikiwezi. Ukipeleka vibao viwili juani, changu kinarudisha mwanga, chako hakirudishi. Jua linaingia ndani yake na kubaki humo. Sijui rangi hii ilitoka nchi gani.

Sasa nikuambie la baba. Nilimsomea barua yako yote, kwa sauti, kwa hasira kidogo. Nilipofika pale Mzee Jairo alipokiweka kile kipande shavuni, baba alinyoosha mkono, akachukua kile kibao chako, akakinusa. Akakikwaruza kwa ukucha, akautazama ule unga. Akasimama, akatoka nje bila viatu, akarudi magharibi. Nikamuuliza, "Baba, unajua kitu?" Akasema, "Najua ilikuwa rangi ya meli." Nikamwambia mwenzako analala na nyavu, wewe unaona haya kusema ni kopo gani ulitumia? Nadhani alitumia rangi hafifu wakati ule, na jina lake la ufundi analithamini kuliko rafiki yake. Inaniuma kuandika hivi juu ya baba yangu.

Naituma rangi niliyochanganya, kopo zima. Omba Mungu kwa dini yako, nami naomba kwa yangu.

Shamsa


Shirati,
30 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Nilipaka Jumamosi, mara mbili, na msasa katikati. Jumatatu ilikuwa imekauka. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu mzito, ziwa halionekani, nyumba inaonekana nusu, na katika mwanga ule mlango ulikuwa wenyewe kabisa. Nikamshika baba mkono. Alitembea. Alipita pale hatua kumi bila kusimama.

Alifika mlangoni akabisha hodi.

Shamsa, alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Alivua kofia, akangoja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akabisha tena. Ukungu ulikuwa unaondoka, jua likaupiga mlango, ukang'aa. Akarudi nyuma, akavaa kofia, akaniambia, "Wenyewe hawapo. Na hii siyo." Akageuka akaenda zake bandani, na siku ile hakuniita kwa jina lolote.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Anakohoa. Oyoo ameandika kwamba atakuja tarehe ishirini na mbili na vijana wawili, wambebe baba wamwingize ndani, apende asipende, halafu wafunge mlango kwa nje mpaka azoee. Ananiambia nimekuwa mtoto, nacheza na rangi. Labda ni kweli. Lakini nikifikiri baba yangu kufungiwa kwenye nyumba anayodhani ni ya watu wengine, naikunja barua ya Oyoo na kuiweka mbali.

Usimseme vibaya Mzee Yahaya. Kila mtu mzima ana lake.

Apiyo


Mkuyuni,
8 Oktoba 1994

Dada Apiyo,

Naandika haraka, basi linaondoka. Humu ndani kuna barua ya baba. Ameifunga mwenyewe kwa gundi, sijaisoma.

Nikuambie tu yaliyotokea hapa, maana nilidhani amerukwa na akili. Nilipomsomea habari za hodi, alilia. Sijawahi kumwona. Kesho yake akaniagiza nipike wali na samaki, sufuria kubwa. Akatoka akawaita watu wa kula: wapagazi wa sokoni, bibi mmoja anayeokota mkaa ulioanguka, kipofu wa karibu na msikiti. Akawa anawahesabu. Walipofika tisa akakataa wasianze, akatoka barabarani mwenyewe na fimbo yake kumtafuta wa kumi, akarudi na mlinzi wa Nyegezi aliyekuwa anapita tu na njaa zake. Walipomaliza kula akanawa mikono, akaniambia, "Sasa mdomo wangu uko huru. Niletee karatasi."

Mimi bado sielewi. Wewe labda utaelewa.

Shamsa


Mkuyuni,
8 Oktoba 1994

Kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Mwanangu Apiyo,

Binti yangu anadhani nilinyamaza kwa ajili ya jina langu. Mwache adhani. Nilinyamaza kwa sababu nilikula kiapo. Kwetu, mtu akitaka kukivunja kiapo kwa jambo la kheri, hulisha maskini kumi kwanza. Nimewalisha, nimeona kwa macho yangu wameshiba. Sasa sikiliza.

Mwaka ule baba yako alikuwa akienda melini wiki tatu, anarudi siku nne. Mama yako akamwambia, "Ukiondoka nabaki naangalia ubao mtupu. Nipakie mlango rangi ya meli yako, nikiutazama nijue uko mahali." Jairo akaahidi. Alipofika melini akaomba rangi, wakamcheka. Meli yenyewe ilikuwa inapata kutu. Ulikuwa mwaka wa foleni na wa msako wa walanguzi, sabuni ilikuwa inafichwa uvunguni, seuze rangi. Akarudi mikono mitupu, na ameshajigamba kwa mama yako.

Mimi nilikuwa na nusu kopo la rangi nyeupe ya mafuta, mabaki ya kazi ya kanisa, mchungaji alinipa. Nyeusi sikuwa nayo. Tukaokota betri za redio zilizokufa. Unakumbuka watu walivyokuwa wakizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo? Tulipita nyumba hadi nyumba, tukapata ishirini na nane. Tukaenda nyuma ya yale mawe makubwa ufukweni, mama yako asituone. Tukazipasua, tukatoa ule unga mweusi na kile kijiti cha katikati, tukasaga juu ya jiwe siku mbili. Tukachekecha kwa kitambaa cha shati lake. Jairo alikuwa anasaga, mimi nachanganya. Ndiyo maana haing'ai, mwanangu. Ule ni mkaa. Hakuna kopo la Nairobi wala la Dubai litakalokupa, kwa sababu haikutoka kiwandani.

Mama yako alipouona mlango alisimama akashika kiuno. Akaugusa kwa kidole kimoja. Akasema, "Kumbe ndivyo ilivyo, meli." Jairo alikuwa ameficha mikono nyuma, maana weusi ule hautoki kwa sabuni, na sabuni yenyewe hakuna. Akamwambia ni grisi ya mashine. Usiku huo tukaapa, yeye kwa kitabu chake, mimi kwa changu, kwamba mama yako asijue mpaka kufa kwetu. Naye aliamini ni mali ya meli, akaogopa mumewe asikamatwe kama mhujumu uchumi, akawa anaufunika kwa kitenge. Nilipita kwenu mwaka 1985 nikamkuta anafanya hivyo, nikaenda kucheka nyuma ya nyumba.

Betri chukua zile za bei rahisi za karatasi, si za chuma. Saga mpaka vidole visihisi punje. Usimwambie Jairo kwamba nimesema. Mwekee jiwe mbele yake, umwache.

Mimi rafiki wa baba yako,
Yahaya bin Lukman


Shirati,
24 Oktoba 1994

Mzee wangu Yahaya, na wewe mdogo wangu Shamsa,

Shikamoo Mzee. Hii someni pamoja, msome polepole, kwa sababu nami nimeiandika polepole.

Barua ilifika tarehe kumi na tano. Niliwaambia wanafunzi wangu kila mmoja alete betri iliyokufa, hawakuuliza kwa nini, walimu wana mambo yao. Nusu kopo la rangi nyeupe nilipata duka la hapa, kuna aina nne sasa, nilichukua la kwanza. Nikambeba baba kwa maneno mpaka nyuma ya mawe makubwa, nikamwambia meli imechelewa, tungoje pale. Maji yalikuwa yametulia, yanapumua tu. Nikaweka betri, jiwe bapa na jiwe la mviringo, nikakaa pembeni na madaftari ya kusahihisha.

Kwa muda mrefu aliangalia ziwa. Halafu mkono wake ukaokota jiwe, wenyewe, kichwa bado kimegeukia majini. Akapasua betri ya kwanza mahali pake hasa, pale kwenye mshono. Akasema, "Yahaya amechelewa." Nikasema ndiyo, amechelewa. Akasema, "Basi tuanze."

Alisaga siku mbili. Mimi nilikuwa wewe, Mzee. Nilikoroga na yeye akaniamuru: ongeza, acha, hiyo itakolea ikikauka. Hakukohoa, au alikohoa sikusikia. Siku ya pili alivua shati akanipa nichekechee, na nilipotaka kuleta kitambaa kingine alikasirika.

Nilipaka mlango tarehe kumi na nane. Ilipokauka nikaupima kwa kile kipande cha banda la kuku. Shamsa, wewe ungeona mara moja, umezidi weusi kidogo. Si kile kile. Nilikaa kizingitini nikajisikia nimeshindwa, na Oyoo anakuja baada ya siku mbili tatu na vijana wake.

Tarehe ishirini asubuhi nilikuwa ndani nafagia. Nikasikia hodi. Nilikuwa sijamwita, sijamshika mkono. Nikakumbuka ile mara ya kwanza, aliposimama na kofia mkononi na hakuna mtu wa kumjibu. Nikasema, "Karibu." Sauti yangu watu husema ni ya mama.

Akafungua mwenyewe. Alisimama pale kizingitini, jua liko nyuma yake, na mlango haukung'aa hata kidogo. Alikuwa ameficha mikono nyuma. Alichungulia upande wa jikoni, halafu chumbani, kisha akanong'ona, "Yupo?"

Nikasema, "Amepumzika, Baba."

Akanionyesha viganja, vyeusi mpaka kwenye kucha. Alikuwa anacheka bila sauti, meno yote nje. Akasema, "Usimwambie. Ni grisi tu." Akavua viatu asipige kelele, akapita ananyata mpaka kwenye kiti chake, akakaa, akalala usingizi pale pale. Mchana mvua ikanyesha, kubwa, bati lote likaitika, naye yuko ndani.

Oyoo amekuja na kuondoka. Alimkuta baba anakunywa chai mezani. Aliutazama mlango, akaniuliza hii rangi nimeipata duka gani, inafaa kwa nyumba yake ya Musoma. Nikamwambia ni rangi ya meli, haipatikani tena.

Mzee Yahaya, usihuzunike kwa ajili ya kile kiapo. Umelisha watu kumi bure. Mama bado hajui.

Mwanao,
Apiyo